Bagi ya rimoti ya 1/10 kwenye vumbi la Mbeya: uzoefu wangu, na vipuri vya kubadilisha kwanza

Bagi hii, yaani gari dogo la rimoti la kukimbizwa kwenye udongo, inafaa kwa Mbeya, ila si kama inavyotoka kwenye boksi. Ni ya 1/10 (moja ya kumi ya ukubwa wa gari halisi), ya umeme, inavuta kwa tairi zote nne kupitia shafti moja ya katikati, na unaiunga mwenyewe kuanzia skrubu ya kwanza. Ndani kuna mota ya brashi saizi ya 540, shokapu nne za plastiki zinazojazwa oili, na difu mbili za gia. Kama hela yako inatosha vitu vitatu tu, nunua beringi, tairi na oili ya shokapu. Mota kali iache mpaka mwisho. Wengi wanaanza na mota, halafu gari linakimbia bila kushika ardhi, na mikono ya mbele inayobeba magurudumu ndiyo inayolipa.

Kwa nini ya umeme na si ya nitro, yaani yenye injini ndogo ya mafuta? Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 15. Injini ya nitro inavuta hewa hiyo hiyo, kwa hiyo nguvu inapungua, na mchanganyiko uliopangwa pwani unakuwa na mafuta mengi mno: moshi mzito, injini inazubaa. Itabidi ukaze sindano ya karbureta kidogo kidogo, moja ya nane ya mzunguko kila mara, na ukishuka nayo bondeni ulegeze tena, la sivyo injini inaungua. Ukijumlisha na shida ya kupata mafuta ya nitro huku kwetu, umeme unashinda. Mota ya umeme haijali mwinuko kwa nguvu. Inajali kwa joto, maana hewa nyepesi inapooza vibaya zaidi, na hilo nitalirudia kwenye gia.

Tuanze na beringi. Kit nyingi za bei ndogo zinakuja na bushi za plastiki mahali pa beringi, na hii ni mojawapo. Kwenye barabara ya lami bushi zinavumilika. Kwenye udongo wa huku, hasa upande wa Uyole wenye chembe za pumisi, vumbi linaingia kati ya bushi na ekseli, linachanganyika na grisi, na linageuka kuwa msasa. Ukifungua gurudumu unakuta ujiujiji mweusi na ekseli imelika mkanda unaong'aa. Gurudumu likianza kucheza, hata upange kemba (mlalo wa gurudumu kuelekea ndani au nje kwa juu) namna gani haitakaa.

Saizi kuu inayotumika ni 5 × 11 × 4 mm, inayouzwa kwa namba MR115. Agiza zenye alama 2RS, yaani zenye kizuizi cha mpira pande zote mbili. Zenye ZZ zina kizuizi cha bati, zinazunguka kwa wepesi zaidi zikiwa mpya, lakini vumbi linapita. Usikubali kuuziwa 605 au 625 kwa sababu tu tundu la ndani ni milimita 5. Kwa nje ni milimita 14 na 16, haziingii. Hesabu idadi kwenye kitabu cha kuungia kabla ya kuagiza, na ongeza nne za akiba, kwa sababu zile za magurudumu ya mbele ndizo zinazokufa mapema.

Tairi ndiko nilikoona tofauti kubwa kuliko kipuri kingine chochote. Rimu ni za inchi 2.2 na zinashikwa na heksi (kipande cha pembe sita kwenye ekseli) ya milimita 12, kwa hiyo uchaguzi ni mpana. Tairi za kwenye boksi ni ngumu na meno yake ni mafupi. Kuanzia Juni hadi Oktoba, juu kukiwa na vumbi laini na chini pagumu, nahitaji meno membamba yaliyoachana, yanayopenya vumbi na kufika kwenye ardhi ngumu. Meno mapana yaliyokaribiana yanaelea juu ya vumbi na gari linateleza. Mvua zikianza Novemba mambo yanageuka: udongo mwekundu wa Iringa na ule mzito wa Tukuyu unajaa kati ya meno, na hapo meno marefu ndiyo yanayojisafisha.

Usisahau sponji ya ndani. Tairi hizi hazina upepo, sponji ndiyo presha yake. Ikiwa laini mno tairi linajikunja kwenye kona na gari linapinduka. Ikiwa ngumu mno linadunda. Gundisha tairi kwenye rimu kwa supa gluu nyepesi, robo moja ya mzunguko kwa wakati, baada ya kusugua ukingo wa rimu kwa msasa na kufuta kwa spiriti. Ukiruka hatua ya spiriti, tairi linachomoka kwenye rimu kwenye kona ya kwanza ya kasi. Kwa msimu wa mvua, toboa matundu mawili ya milimita 2 katikati ya tairi lenyewe, yakitazamana, ili gari likikimbia maji yatupwe nje. Ukitoboa rimu, maji yanaingia na kubaki, na sponji ikilowa gari linatetemeka lote.

Shokapu. Hapa kazi ya mikono ina thamani kuliko bei. Tumia oili ya silikoni tu. Oili ya fok ya pikipiki ipo kila mtaa na ni rahisi, lakini ni ya petroli: inavimbisha o-ringi za silikoni, shafti inakuwa nzito, halafu inaanza kuvuja. Mimi natumia namba ya uzito 35 mbele na 30 nyuma wakati wa joto. Juni na Julai, asubuhi za baridi, nashusha kidogo, 30 mbele na 27.5 nyuma, kwa sababu oili inakuwa nzito. Angalia pia kama chupa imeandikwa kwa cSt, kipimo kingine cha uzito wa oili. Namba 30 ni kama 350 cSt, na 35 ni kama 425. Chupa yenye 300 cSt si namba 30, ni nyepesi zaidi.

Namna ya kujaza: shafti ikiwa imevutwa chini kabisa, mimina oili hadi karibu na mdomo. Pandisha na kushusha pistoni taratibu, utaona mapovu madogo yakichomoka kwenye matundu ya pistoni na kupanda juu. Simamisha shokapu dakika kumi mpaka povu la mwisho lipasuke, kisha funga kifuniko huku oili kidogo ikimwagika. Zilinganishe mbili mbili: zibonyeze pamoja kwa vidole, zirudi kwa mwendo mmoja. Moja ikitoa sauti ya kukoroma ndani, ina hewa, ifungue tena. Kujaribu, dondosha gari kutoka sentimita 30. Tumbo likigonga chini kwa nguvu, oili ni nyepesi au springi ni laini. Likishuka sawa lakini kwenye matuta madogo linarukaruka bila kushika, oili ni nzito.

Kimo cha tumbo la gari kutoka chini napanga milimita 22 mbele na nyuma, betri ikiwa ndani. Kipimo ni kipande cha mbao ya paini nilichochongewa na seremala kwa milimita 22 kamili. Mbao za Sao Hill hazikosekani huku. Meza ya kupimia ni kigae cha sakafuni, maana meza ya mbao ina mbonyeo usiouona. Kemba iwe digrii 1 hadi 1.5 kuelekea ndani, magurudumu yote.

Sasa gia, na lile joto. Gia kubwa ina meno 70, pinioni (gia ndogo ya kwenye mota) 17, na uwiano wa ndani ya boksi la gia ni 2.6. Hesabu yake: 70 ÷ 17 × 2.6, unapata 10.7. Ukiweka pinioni ya 19 inashuka hadi 9.6, gari linaongeza kasi ya mwisho na mota inaongeza joto. Kwa mwinuko wetu, na kwa viwanja vifupi vyenye kona nyingi, 17 inatosha, na ukiweka mota isiyo na brashi ya 13.5T (T ni mizunguko ya waya ndani ya mota) anza na 15 kisha panda jino moja moja. Kila ukipandisha, kimbiza dakika tano na upime joto la mota. Likivuka nyuzi 75, rudi nyuma. Vile vipimajoto vya kuelekeza kwenye paji la uso havifai, vinaishia kwenye nyuzi arobaini na kitu. Tafuta cha mafundi wa friji au umeme.

Ukiagiza pinioni, hakikisha meno ni ya moduli 0.6 (saizi ya meno) kama gia kubwa. Zile za pichi 48, saizi nyingine ya meno, zinafanana kwa macho na zinakubali kuingiliana, halafu zinatafuna gia kubwa. Nafasi kati ya gia mbili ipange kwa ukanda wa karatasi ya daftari: upitishe katikati, bana mota, kaza, kisha utoe. Na kifuniko cha gia kisiachwe nyumbani hata siku moja. Kijiwe kimoja kinang'oa meno matatu.

Difu zake hazina o-ringi, kwa hiyo ukijaza oili itavuja. Jaza grisi nzito ya difu mbele, nyepesi nyuma. Nyuma ukiweka nzito, mkia unakimbia kwenye vumbi.

Sevo (mota ndogo inayokata kona) ya bei ndogo inayouzwa pamoja na rimoti ni dhaifu kwa tairi za meno. Weka yenye kilo 9 kwa sentimita au zaidi, yenye gia za chuma, na linganisha idadi ya meno ya kichwa chake na mkono wake: kuna za 23, 24 na 25, na hazibadilishani. Rimoti yoyote ya 2.4 GHz inatosha.

Betri ni LiPo 2S, yaani ya lithiamu yenye seli mbili, ya 5000 mAh. Chaji kwa ampea 5, juu ya kigae, isivuke volti 8.4. Kwenye kidhibiti mwendo hakikisha umechagua LiPo. Ukiacha kwenye NiMH, aina nyingine ya betri, hakitakata umeme mapema na betri inavimba. Betri iliyovimba haichajiwi tena. Ukikaa bila kukimbiza, iache kwenye volti 3.8 kwa kila seli. Chaja nyingi zinakubali volti 12 za betri ya gari la kawaida, kwa hiyo umeme ukikatika kazi haisimami.

Vumbi toa kwa brashi ya rangi iliyo kavu. Kompresa ya fundi pancha inasafisha haraka, ila usiielekeze kwenye beringi, inasukuma vumbi ndani.

Vipuri vya kuagiza siku ile ile unayoagiza gari, kwa sababu mzigo ukisubiri meli hadi Dar kisha basi hadi Mbeya utakaa bila gari: mikono ya chini ya mbele jozi mbili, vishikio vya nakoo (vipande vinavyogeuza magurudumu) za mbele jozi moja, gia kubwa mbili, pini za heksi pakiti moja. Nati za magurudumu ni M4 zenye nailoni, duka la boliti Mwanjelwa linazo, na spana yake ni namba 7.