Threadripper PRO au Xeon W? Nimezishika zote mbili, na hasira zangu wala sio za prosesa

Aisee naandika hii nikiwa bado na moto, nikivuruga mtanisamehe. Kila wiki kuna mtu ananiuliza kati ya prosesa ya AMD, Threadripper PRO 3975WX, na ya Intel, Xeon W-3275, achukue ipi kwa kazi za kurenda (kompyuta kuugeuza mchoro uwe picha kama ya kweli), maana wanajua zote zimepita mikononi mwangu. Zimepita kweli. Moja iko chini ya meza hapa inanipulizia joto miguuni, nyingine iko kwenye droo, kwenye kiboksi chake cha plastiki ndani ya soksi ya mtoto. Habari za gigahezi na kache kaangalieni wenyewe, mimi naelezea yaliyonikuta.

Xeon ndo nilianza nayo. Ilikuja ndani ya mashine nzima ya mtumba, yale makabati mazito yaliyochoka maofisini Ulaya yakapitia Dubai, sijui ilikuwa mwaka juzi au kabla yake kidogo. Nikalipandisha ngazi na bodaboda wangu tukihema wote wawili, nikachomeka, likawaka. Basi, stori imeisha. Mimi nachora majengo, nyumba za watu, vihoteli vya Zanzibar, mteja anataka aone baraza lake jua linavyozama kabla hajamwaga hata zege, na Xeon ilikuwa inanitolea hiyo picha kwa mwendo wake wa bibi anayechambua mchele, taratibu ila hakuna chuya. Haijawahi kujizima hata ile miezi Dar inapochemka mpaka mwenyewe natamani kuzimwa.

Ila binadamu haridhiki. Nina rafiki Mbezi anahariri filamu, yeye ana mashine yenye Threadripper PRO, siku moja nikaenda kwake na kazi yangu kwenye flashi tujaribu tu. Picha iliyokuwa inanila kama dakika 40 ikatoka haijafika hata 30. Nikarudi nyumbani nimenuna, nikaiangalia Xeon yangu kama mtu anavyoiangalia gari yake akitoka kupanda ya bosi.

Nikaingia Kariakoo. Jina la duka silisemi. Ghorofani huko nikapokelewa kifalme, "karibu bosi wangu, kaa hapo, dogo mletee bosi maji," prosesa ikatolewa kwenye nailoni yenye mapovu, yenyewe tupu bila mashine, milioni 2 na nusu baada ya kulia sana. Nikamuuliza imetoka wapi, akanijibu Dubai, na mimi nikaridhika. Dubai! Kwani Dubai ni jibu? Swali lilitakiwa liwe imetolewa kwenye mashine ya kampuni gani, na mimi na ujuaji wangu wote sikuliuliza. Hapo nakiri.

Bodi mama ya kuichomeka nikaagiza mpya, binamu yangu akaja nayo kwenye begi, ile ya WRX80 inayopokea hizi Threadripper PRO, hela yake sitaki hata kuikumbuka. Sasa kufunga hiki kitu ni ibada. Unaiteremsha prosesa kwenye reli yake kama dirisha la sliding, chini yake kuna vipini zaidi ya 4,000 vyembamba vya kutisha, ukipinda kimoja umekwisha, halafu kuna skrubu tatu za kichwa cha nyota zenye namba, unakaza 1, 2, 3, ukifungua unarudi 3, 2, 1. Ukinunua mpya ndani ya boksi kuna bisibisi yake maalum, ukifikia mkazo unaotakiwa inalia "tik" inagoma kuendelea. Mimi boksi ningelitoa wapi? Nikaazima bisibisi kwa fundi pikipiki. Nikakaza nimebana pumzi, mke wangu ananishikia tochi.

Nikawasha. Feni zikazunguka, zote, vizuri kabisa. Kioo cheusi. Kwenye bodi kuna kidirisha kidogo cha namba, kikaandika 00, kikakaa hapohapo. Nikasubiri. Nikachomoa RAM nikabakiza moja, kioo cheusi. Nikatoa betri ya BIOS, ile programu ya kwenye bodi inayoamsha mashine, nikarudisha, nikapakia BIOS mpya kwa flashi, nikafungua 3, 2, 1 nikafunga 1, 2, 3, nadhani mara nne mpaka adhana ya alfajiri, 00 inanikodolea macho tu.

Kulipokucha nikarudi dukani. Jamaa yuleyule, kiti kilekile, maji hamna. Nilikuwa "bosi wangu", sasa nimekuwa "we kaka". Hata hajaishika. "We kaka umefungia na bisibisi gani?" Na mimi mjinga nikasema ukweli, nikamwambia ya pikipiki. Basi! Akageuka akawatangazia wateja wote waliokuwepo, "jamani njooni mumuone, chuma cha mamilioni anakaza na spana za bodaboda," watu wakacheka, mama mmoja aliyekuja kununua chaja tu naye akacheka. Akaniambia mali ikitoka haipokelewi, kama sijui kompyuta nitafute fundi, akarudi kwenye simu yake. Mtu mzima nimesimama pale nimeshika kinailoni changu.

Nashuka ngazi, yule dogo wa maji akanifuata. Kwa sauti ya chini, "braza, hizo zinawaka kwenye mashine zake tu. Hata wa juzi alirudisha."

Hata wa juzi alirudisha!! Kwa hiyo walikuwa wanajua.

Nikaipeleka Mbezi, rafiki yangu akatoa ya kwake akaweka yangu. Ikawaka. Haina hata mkwaruzo, bisibisi ya pikipiki haikuwa na kosa lolote. Kumbe hizi Threadripper PRO, na ndugu zake EPYC za kwenye seva, zina kitu kinaitwa PSB, yaani Platform Secure Boot, kufuli la kuwashia mashine. Kampuni inayotengeneza mashine ikitaka, inawasha hicho kitu, na ndani ya prosesa vinaungua vifyuzi vidogo vinavyoweka alama ya ufunguo wa hiyo kampuni. Kuanzia hapo prosesa inakubali BIOS iliyosainiwa na ufunguo huo tu, ukiihamishia kwenye bodi ya kampuni nyingine haiamki (Mbezi iliwaka kwa sababu mashine ya rafiki yangu ni ya kampuni hiyohiyo), na hakuna fundi wa kukurudishia maana kilichoungua kimeungua. Wanasema ni usalama, mtu asije akakubadilishia BIOS kinyemela. Sawa, kwa benki naelewa. Mimi nachora mabaraza!

Kwa hiyo jibu ni Xeon. Chukua Xeon, lala usingizi. Hata umeme, Xeon imeandikwa wati 205 na ile ni 280, ukirenda masaa 10 ile prosesa peke yake inakaribia uniti 3 za LUKU, hapo hujawasha feni ya kujipepea wewe mwenyewe.

Ila daah. Wakati iko kwenye mashine ya Mbezi nilipakia ile hoteli ya Nungwi yenye makuti, yale makuti ndo huwa yanaua, kila jani lina kivuli chake. Vile viboksi vya kurenda vilikuwa vinajaa kwenye kioo kama watu wanagombania siti za daladala, tukakaa kimya tunaangalia. Na ina njia 128 za PCIe 4.0, zile za kupitishia data kwenda kwenye kadi, Xeon yangu ina 64 za 3.0, kwa hiyo siku nikitaka kadi tatu za grafiki zitapumua. Ni mnyama. Nikisema ni mbaya nitakuwa namsingizia prosesa makosa ya muuza duka.

Sawa, nabadilisha. Chukua Threadripper PRO, lakini ichukue ndani ya mashine yake, iwake mbele yako, uione BIOS kwa macho yako ndo utoe hela. Ukiuziwa tupu, uliza imetoka kwenye kabati la nani, na akikujibu Dubai ondoka. Na kama huna uvumilivu huo nunua Xeon, sijui, mimi mwenyewe ninavyoandika hapa ndo inamalizia picha ya mteja na hainisumbui, masikini, wakati nimeitukana miezi yote hii.

Kuna jamaa Arusha anauza kabati la ile kampuni iliyoifunga hii yangu, ndani lina Threadripper PRO ndogo ya kori 12. Nimemwambia kabla hatujaongea bei anirekodie video likiwaka mwanzo mpaka mwisho, asikate. Hajajibu. Mtoto naye tangu asubuhi anaulizia soksi yake.