Uzoefu wangu na Meep: kurusha wimbi kwenye muundo unaojirudia

Kwa yeyote anayeigiza vimuundo vya nano hapa Nairobi na viunga vyake, awe Chiromo, Juja au nyumbani na laptopu yenye RAM ya GB 8, naipendekeza Meep, programu ya kuigiza jinsi mawimbi ya mwanga yanavyosafiri, bila kusita. Nina sharti moja tu: wimbi likiingia kimshazari, usiiamini grafu hadi ujue kila nukta yake iko kwenye pembe gani.

Programu hii ilitoka MIT, ni ya bure chini ya leseni ya GPL, kwa hiyo hakuna ada ya kila mwaka ya kulipa kwa dola. Inawekwa kwa amri moja, conda create -n mp -c conda-forge pymeep. Kwenye Windows unapitia WSL. Tumia Wi-Fi ya chuo kuipakua, bando la simu litaisha njiani.

Tuchukue mfano wa nguzo za silikoni naitraidi (n, kipimo cha jinsi dutu inavyopunguza kasi ya mwanga, takriban 2.0) juu ya kioo (n 1.45), zinazojirudia kila 0.4 µm, mwanga ukiwa kati ya 0.45 na 0.7 µm. Meep haina mita wala sekunde: ukiamua kizio kimoja ni 1 µm, frikwensi inakuwa 1 gawanya kwa urefu wa wimbi. Mkanda wetu basi ni 1.429 hadi 2.222, katikati 1.825. Ndani ya naitraidi wimbi fupi kabisa lina 0.225 µm. Ukitaka angalau pikseli nane kwa kila wimbi unahitaji resolusheni (pikseli kwa kila kizio) ya 36; anza na 50, kisha thibitisha kwa 100. Usiipandishe kiholela, kwani katika 3D ukiiongeza maradufu kumbukumbu inazidi mara 8 na muda mara 16.

Wanaoanza wengi hukwama kwenye mipaka. Tabaka la PML, linalomeza mawimbi, liwekwe juu na chini peke yake: mp.PML(1.0, direction=mp.Z). Ukiacha direction, linazunguka pande zote na muundo haujirudii tena. Kando uandike k_point=mp.Vector3(), inayoiambia Meep kwamba muundo unajirudia, hata kama wimbi linaingia wima. Usipoiandika, Meep inaweka kuta za chuma, seli yako (kipande kimoja cha muundo unaojirudia) inageuka bomba la chuma, na hakuna onyo lolote linalotokea kwenye skrini. Unapata namba tu, tena namba zinazofanana na matokeo.

Chanzo kiwe bapa, kienee upana wote wa seli, kikae nje ya PML. Kipima uakisi kikae kati ya chanzo na nguzo. Endesha mara mbili: kwanza seli tupu, uhifadhi data ya kipima hicho, kisha seli yenye muundo ukiondoa data ile kwa load_minus_flux_data. Bila kuondoa, wimbi linaloingia na linaloakisiwa yanachanganyika. Uakisi utatoka na alama ya kutoa kwa sababu unasafiri kinyume, badilisha alama. Mimi huihifadhi data ya seli tupu kwenye faili kwa save_flux, maana stima ikipotea katikati ya kazi angalau nusu ya kwanza imebaki.

Kabla ya kuweka nguzo, pima kioo kitupu. Wima lazima upate uakisi wa 3.4%. Kwa nyuzi 20 ni 4.0% kwa polaraizesheni ya s (uga wa umeme uko sambamba na uso) na 2.8% kwa p (uga wa sumaku ndio ulio sambamba na uso). Usipozipata hizi, shida iko kwenye usanidi wako na hakuna nguzo itakayoirekebisha.

Sasa mshazari. Unaweka k_point yenye kx = 1.825 × sin 20°, yaani 0.624, na chanzo unakipa amp_func ya exp(i2π·kx·x) ili fezi yake (hatua ya wimbi katika mzunguko wake) ilingane na ile ya mipaka. Ukiisahau amp_func, fezi inaruka kwenye ukingo wa seli na chanzo kinarusha oda kadhaa (miale ya pembe tofauti) kwa pamoja badala ya wimbi moja. Kwa polaraizesheni ya s weka chanzo cha Ey, kwa p weka Hy. Thamani za wimbi zinakuwa namba changamano, kwa hiyo kumbukumbu inaongezeka maradufu, na ulinganifu wa kioo (pande mbili kuakisiana) kwenye mhimili wa x hauruhusiwi tena.

Shida yenyewe ni kwamba k imeganda ilhali mpigo wa chanzo una frikwensi nyingi. Nyuzi 20 zipo katikati tu, kwenye 0.548 µm. Kwenye 0.7 µm pembe halisi ni 25.9°, kwenye 0.45 µm ni 16.3°. Ukilenga 60°, k inafika 1.58 na kila wimbi refu kuliko 0.633 µm halisafiri kabisa hewani. Yaliyo karibu na mpaka huo yanatambaa sambamba na uso, PML inayameza vibaya, na kazi haiishi. Dawa ninayoiamini ni kuendesha k nyingi, kukusanya R (uakisi) kwa kila k na frikwensi f, kisha kukokotoa pembe ya kila nukta kwa sinθ = k/f. Matoleo mapya yana bfast_scaled_k inayoshikilia pembe moja kwa mkanda mzima, lakini kadiri pembe inavyopanda lazima ushushe kipimo cha Courant (kinachoamua ukubwa wa hatua ya muda), na muda unarefuka.

Kigezo cha kusimama (wimbi lipungue kiasi gani ndipo kazi isimame) cha 1e-3 ni kilegevu mno kwa muundo wenye mwangwi mkali, yaani unaoshikilia mwanga kwa muda: grafu inajaa mawimbi madogo na R + T (uakisi na upitishaji) inapita 1. Tumia 1e-6 au chini yake.

Kumbuka pia oda za difraksheni. Wima, kioo kinapokea oda za ziada chini ya 0.58 µm, kwa 20° zinaanzia 0.717 µm, kwa hiyo zipo kwenye mkanda wote. Kipima cha kawaida kinazijumlisha zote. Ukitaka oda ya sifuri pekee, tumia get_eigenmode_coefficients pamoja na mp.DiffractedPlanewave.