Nimehamia Kindle, lakini vitabu 31 vimegoma kuhama

Kifaa changu cha kwanza cha kusomea vitabu kilinitumikia miaka minne, mpaka betri ikachoka. Kampuni iliyokitengeneza siitaji, kwa sababu haikunikosea kitu. Ni mimi niliyenunua vitabu bila kuuliza maswali. Nikachukua Kindle Paperwhite, kifaa cha kusomea cha kampuni ya Amazon, nikidhani kuhamisha vitabu ni kama kutoa nguo kabati hili na kuzitia lile.

Siku ya kwanza nilichomeka kebo ya USB, nikanakili EPUB zangu zote, yaani faili za vitabu vya kielektroniki, kwenye folda ya vitabu, nikachomoa. Maktaba tupu. Nikachomeka tena: faili zipo, nazihesabu moja moja. Nikazima, nikawasha, nikazima tena. Saa nzima ilipita kabla sijajua kwamba Kindle haisomi EPUB iliyopachikwa kwa kebo. Faili inakaa mle, inakula nafasi, wala haionekani.

EPUB yenyewe haina uchawi. Badilisha .epub iwe .zip, ifungue, utakuta kurasa za HTML kama za tovuti yoyote, picha na jalada. Vifaa vya Kobo, PocketBook na wengine wengi vinaisoma moja kwa moja. Amazon walipita njia nyingine: mwaka 2005 waliinunua kampuni ya Mobipocket, iliyokuwa na fomati yake ya vitabu, na Kindle ya kwanza ya 2007 ikaja na fomati ya ukoo huo. Baadaye zikafuata fomati nyingine za Kindle, AZW3 na KFX. Ndiyo maana anayehama kutoka upande mmoja kwenda mwingine hujikuta na rundo la faili zisizosomeka.

Tiba yake ni rahisi kuliko nilivyodhani. Tangu 2022 huduma ya Send to Kindle inapokea EPUB. Unaipandisha kwenye tovuti yao, mwisho MB 200 kwa faili, au unaituma kwa barua pepe, nao wanaibadilisha wenyewe. Riwaya zangu karibu zote nilizipitisha huko, zikatokea kwenye kifaa zikiwa na majalada yake. Kitu ambacho sikipendi ni kwamba kila kitabu lazima kipite kwenye seva za watu kabla hakijanifikia, hata kile nilichokiandika mwenyewe.

Kwa hiyo vilivyobaki nilivipa Calibre, programu ya bure ambayo Kovid Goyal aliianza mwaka 2006. Sura yake haivutii, na vitufe vimejaa kama dashibodi ya ndege, ila kwa kazi hii sijaona mfano wake. Unaingiza EPUB, unachagua AZW3, unaunganisha Kindle kwa kebo, kitabu kinaingia. Pia nilipata nafasi ya kurekebisha majina ya waandishi. Mmoja alikuwa ameandikwa kwa namna tatu tofauti, nami nilikuwa nimezoea kumtafuta mara tatu. Angalizo moja tu: Calibre hupanga folda zake yenyewe. Usiingie kufuta au kubadilisha majina kwa mkono, utaivuruga.

PDF ziache zilivyo. Kuzibadilisha huleta namba za kurasa katikati ya sentensi na mistari iliyokatika ovyo. Hizo ninazisoma kwenye kompyuta.

Sasa nije kwenye kilichoniuma. Kati ya vitabu 118, Calibre ilikataa 31, ikinieleza kwamba vina kufuli ya kidijitali. Vyote nilivilipia, tena bei kamili, kwenye duka moja la mtandaoni. Ni EPUB kama nyingine, ila zimefungwa kwa kufuli ya kampuni ya programu ya Adobe, na kufuli hiyo hufunguka tu kwenye kifaa kilichosajiliwa kwa akaunti ya Adobe. Kindle haimo. Nilirudi kusoma masharti ya duka, yale tunayoyakubali bila kuyatazama, nikakuta nilinunua ruhusa ya kusoma, si kitabu. Kuvunja kufuli ni kosa kisheria katika nchi nyingi, hivyo nimeacha.

Na asidhani mwenye Kindle anayetaka kwenda Kobo kwamba yeye amepona. Vitabu vingi vya Amazon navyo vina kufuli yao, na tangu 26 Februari 2025 wameondoa ile njia ya kupakua kitabu ulichonunua kwenye kompyuta na kukihamisha kwa kebo. Siku hizi kabla ya kulipa natafuta kwanza kama mchapishaji anauza bila kufuli. Wapo: Tor, wachapishaji wa hadithi za kubuni za kisayansi, walianza mwaka 2012.

Hasara nyingine sikuitarajia kabisa: mistari niliyoitia rangi na maoni niliyoandika pembeni kwa miaka minne. Vitabu vilihama, maoni hayakuhama, maana yalihifadhiwa kwenye kifaa na si ndani ya faili. Kwenye Kindle yanaandikwa katika faili ya maandishi ya kawaida iitwayo My Clippings.txt, inayofunguka kwenye kompyuta yoyote. Kila mwisho wa mwezi nainakili. Kwa hilo peke yake naipa Kindle alama nzuri.

Kifaa cha zamani sijakitupa. Kipo kando ya kitanda, kimechomekwa kwenye chaji muda wote, na vile 31 ndani yake. Nimefika cha sita. Nikichomoa waya, betri inanipa sura mbili.