Kwa Shangazi, Ngamiani: mkono mzuri, foleni ndefu, na karatasi ya tatu

Nimesuka kwa Shangazi mara nne sasa, na kila nikipita soko la Mgandini kuna mtu ananishika mkono kuniuliza nani kanisuka. Basi naandika hapa mara moja, nipumzike.

Saluni iko Ngamiani, hapa Tanga, kwenye moja ya zile barabara zetu za namba. Kibao kilifutwa na jua zamani na hakuna aliyejisumbua kukipaka tena rangi. Uliza "kwa Shangazi" tu, hata wauza machungwa wa baiskeli watakuelekeza. Ni chumba kimoja: viti vitatu vya plastiki, benchi la wanaosubiri, kioo chenye ufa pembeni, na feni inayozunguka ikijisikia.

Kazi sasa. Mie ni fundi cherehani, mstari uliopinda nauona tangu mlangoni. Shangazi akigawa kichwa kwa mkia wa kitana utadhani kapiga chaki kwenye kitambaa. Na hapachiki rasta moja kwa moja kwenye mzizi. Anaanza na nywele zako mwenyewe, mizunguko miwili au mitatu, ndipo anaingiza rasta kidogo kidogo, kwa hiyo ukilala husikii vifundo vikikuchoma. Mwishoni anamimina maji ya moto ya chupa ya chai kwenye bakuli, anachovya ncha, anazifuta kwa taulo. Hazifumuki. Rasta ndogo za kufika mgongoni zilinichukua saa sita, wasusi wawili, pisi nne nilizokwenda nazo mwenyewe, nikalipa elfu thelathini. Mjini nimelipa zaidi kwa kazi iliyofumuka wiki ya pili.

Ubaya upo. Akikwambia njoo saa tatu, jua utaanza saa tano, maana kila anayeingia anaambiwa "kaa hapo mwanangu, nakuja sasa hivi." Hiyo sasa hivi ya Shangazi ina miguu ya kobe. Na pembeni, kwenye vinyweleo vya usoni, anavuta. Mara ya kwanza nilitokwa na vipele nikalala chali siku mbili.

Mara ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike marefu hivi. Upande wa kulia tayari, kushoto nywele zimesimama kama za mtu aliyekurupushwa usingizini, wakaingia watu wawili. Mmoja ana faili, mwingine kabeba ile mashine ya kutoa risiti. Ofisi yao siitaji. Wakataka leseni, ikatolewa. Wakataka risiti ya taka, ikatolewa. Wakataka karatasi ya tatu, ambayo wallahi kila mmoja aliitaja kwa jina lake. Shangazi akauliza kwa adabu kabisa, "Baba, hiyo imeandikwa wapi, nami nikaisome?" Akajibiwa asiwafundishe kazi. Saluni ikafungwa mpaka kesho yake. Nikavuka Ngamiani na nusu kichwa, kanga nimejitanda mpaka kwenye nyusi, watoto nyuma yangu wanacheka.

Usiku nikampigia mdogo wangu, yuko Des Moines, jimbo la Iowa, Marekani. Nilitaka anionee huruma, akacheka mpaka akakohoa. Kumbe naye miaka kadhaa alikuwa akisukia watu jikoni, pazia limeshushwa. Kule kusuka kwa mkono kulihesabiwa ni kazi ya urembo, na leseni yake ilidai saa 2,100 za masomo. Dawa za nywele, rangi, mikasi, mambo ambayo msusi wa rasta hayagusi. Mwaka 2015 wasusi wakaenda mahakamani, na mwaka 2016 jimbo likawaondoa kwenye leseni hiyo. Mdogo wangu akapandisha pazia.

Waliowasimamia wasusi ni mawakili wa Institute for Justice. Nimewasoma sana tangu usiku ule, cherehani ikinisubiri. Ni watu wa mrengo wanaouita wa libetari: wanataka mkono wa serikali uwe mfupi na mtu aachwe atafute riziki yake. Walianza mwaka 1991, na kesi yao ya kwanza ilikuwa ya wasusi wa Washington, mji mkuu. Mteja hatozwi hata senti. Leseni za kazi za mikono kule hutolewa na kila jimbo kwa sheria zake, kwa hiyo kichwa kilekile kinasukwa kihalali jimbo moja, ukivuka mpaka unakuwa mkosaji. Fikiria usuke kwa amani Muheza, ukifika Pongwe ukamatwe. Ndiyo maana mawakili hao hawakwenda kupiga kelele kwa rais. Wamekwenda jimbo kwa jimbo, bodi kwa bodi, na kila kesi ina mtu mwenye mikono yake.

Utah alikuwepo Jestina Clayton, mzaliwa wa Sierra Leone, aliyejifunza kusuka kwao tangu mtoto. Wakamdai saa 2,000 za chuo. Agosti 2012 jaji wa mahakama ya shirikisho akasema sheria hiyo, kwa msusi kama yeye, inavunja katiba.

Ya Texas ndiyo niliyomsimulia Shangazi siku nilipokwenda kumaliziwa upande wa kushoto. Isis Brantley wa Dallas alikamatwa mwaka 1997 kwa kusuka bila leseni. Baadaye akataka kufundisha wenzake, jimbo likamwambia chumba chake lazima kiwe chuo cha vinyozi: futi za mraba 2,000, viti kumi vya kinyozi na masinki ya kuoshea. Shangazi akasimamisha kitana hewani. "Masinki ya nini? Rasta zinaoshwa?" Akageuka akavihesabu viti vyake, moja, mbili, tatu. Wasichana wawili walikuwa chini kwenye mkeka wakimchambulia rasta, ndio wanafunzi wake hao, na mmoja tayari ana mkono kuliko wengi wenye vyeti. "Basi mie huko ningefungwa na hawa watoto." Nikamwambia Januari 2015 jaji aliyafuta masharti hayo. "Huyo jaji mkewe anasuka," akasema Shangazi, akaendelea na kazi.

Wateja wakagawanyika. Dada mmoja muuguzi akasema leseni ziwepo, tena ziongezwe, maana mapunye yanatembea na vitana. Hakukosea, nami siwezi kumnyamazisha kwa kesi ya Texas. Ila leseni ya Shangazi ilikuwa ukutani siku zote, na hakuna aliyeingia pale kuangalia kitana. Walioingia waliangalia karatasi. Mimi nawapenda Mississippi: baada ya msusi Melony Armstrong kupambana nao, mwaka 2005 wakaweka utaratibu wa msusi kujiandikisha kwa dola 25 na kujibu maswali ya usafi, basi. Usafi ndio unaonihusu mimi mwenye kichwa. (Kwa rekodi: Shangazi anachemsha vitana, nimeona sufuria. Ukitaka usalama zaidi nenda na chako, hanuni.)

Hawa libetari wa Marekani siwafuati mpaka mwisho wa safari yao, lakini. Wapo kati yao wanaoona hata taka na barabara zingeachiwa watu binafsi. Waje wasimame mbele ya saluni hii masika, mtaro ukiwa umeziba, maji meusi yanalamba kizingiti. Pale namtaka mtu wa jiji, tena na koleo. Ushuru nalipa ninapopajua unapokwenda. Shangazi naye si mgomvi wa kodi. Kile kitambulisho cha wajasiriamali cha mwishoni mwa 2018, cha elfu ishirini kwa wenye mauzo yasiyofika milioni nne kwa mwaka, bado anacho, kimechomekwa kwenye fremu ya kioo. Anasema alikipenda kwa sababu bei ilijulikana, ikatangazwa, na mgambo alipokuja ulimwonyesha akaondoka. Halafu akatusimulia kodi ya kichwa kabla haijafutwa mwaka 2003, wanaume wazima wakiruka nyua za makuti alfajiri wakisikia wakusanyaji wamefika. Benchi zima lilicheka, pamoja na bibi mmoja aliyesema mumewe alivunjika mguu kwa kuruka huko. Hapo tukashindwa kujua tucheke au tunyamaze.

Sasa utamu. Shangazi na wenzake kumi wa kikoba chao, wote wasusi, wakaandika barua. Niliwapigia chapa mimi, ndiyo maana naijua. Hawakuomba wasamehewe kitu. Waliomba orodha: kila ada inayomhusu msusi, kiasi chake, na sheria au sheria ndogo iliyoiweka, ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa mtaa. Nakala moja kwa mtendaji, moja kwa diwani, wakagongewa muhuri wa kupokelewa. Mmoja alitaka tuongeze maneno makali kuhusu kufungwa siku ile, Shangazi akakataa. "Tukitukana watajibu matusi. Tuulize bei, kama sokoni."

Ilikaa wiki sita. Nilipokwenda mara ya nne nikaikuta orodha ukutani kwa Shangazi, nakala ya iliyobandikwa mtaani, ukurasa mmoja. Nikaisoma mara mbili. Ile karatasi ya tatu haimo. Hakuna aliyekuja kuomba radhi, wala siku aliyofungiwa hakuna aliyemlipa, ila wale wawili hawajarudi.

Nyota nne kati ya tano. Nenda siku za kazi, asubuhi na mapema, ukale kabisa, au mwagize mtoto visheti na chai hapo nje. Ijumaa na siku za kuamkia harusi usijaribu. Malipo ni taslimu au kwa simu, na hapandishi bei akikuona umevaa vizuri.

Nyota ya tano kaikosa kwa pembeni. Nilipomaliza mara hii nilimpigia mdogo wangu kwa video, nikamzungushia kichwa chote, nikijua atasifu. Akaangalia kimya, kisha, "Mistari safi. Ila nani kakuvuta hivyo usoni?" Nikamgeuzia simu Shangazi amjibu mwenyewe. Wakaongea robo saa, wa Ngamiani na wa Iowa, wanabishana vidole vishike wapi, mimi nimeshikilia simu mpaka bega likaniuma. Mwisho Shangazi akanirudishia. "Huyo mdogo wako anajua. Lakini mwambie nywele zako laini, nisipovuta zinateleza." Mwezi ujao atanilegezea, kasema. Tutaona.