TAHADHARI: Muuza "chaki inayoingia lezi zote za Kiingereza"

Mafundi wenzangu wenye lezi, yaani mashine za kukereza mbao, za zamani, someni kabla hamjatuma hela.

Nina lezi ya Kiingereza, Myford ML8, iliyotoka karakana ya misheni. Chuma bado kizima, beringi hazilii. Nilichotaka ni chaki ya kisasa ya taya nne (kile kishikio cha chuma kinachobana mti unapozunguka), niachane na kufunga bakuli ninalokereza kwa skrubu kwenye sahani ya chuma ya mashine. Nikampata muuzaji mtandaoni, anayesema yuko Dar. Nilimwandikia wazi: shafti inchi moja, thredi (meno ya skrubu) 12 kwa inchi. Akajibu, "Ndiyo hiyo hiyo bosi." Nikatuma 340,000 kwa simu.

Ilipofika, ikaingia mzunguko mmoja na nusu, ikagoma. Nikalaza rula kwenye adapta, kile kipande kinachounganisha chaki na shafti, nikahesabu thredi: nane. Hiyo ni saizi ya mashine nyingi za siku hizi. Kipenyo ni kilekile, ndiyo maana kwa macho huwezi kuitambua.

Nilipolalamika akaomba adapta airekebishe. Ikarudi baada ya wiki mbili, tundu limepanuliwa, thredi mpya zimekatwa juu ya za zamani. Inaingia kwa vidole viwili na inacheza. Akaniambia nizungushie ile tepu nyeupe ya mafundi bomba! Chaki ya kilo mbili na zaidi, imebeba gogo la mninga, inazunguka mara elfu moja kwa dakika mbele ya kifua cha mtu, eti ishikwe na tepu. Niliiwasha tupu, mwendo wa chini kabisa, nimesimama pembeni. Taya zilionekana mbilimbili. Nikazima. Nilipodai hela yangu, akanibloku.

Kwa hiyo dai picha ya adapta yenyewe, rula imelala juu ya thredi, uhesabu mwenyewe. Picha ya katalogi usiikubali. Na thredi kuingia hakutoshi: adapta lazima ikae bapa kwenye bega la shafti (ule ukingo mpana nyuma ya thredi), hata karatasi isipite, kwa sababu bega ndilo linaloinyoosha chaki. Ukienda kukatiwa, mwambie fundi thredi hizi za kale za Kiingereza ni za Whitworth, pembe ya nyuzi 55, si 60 kama za milimita. Mpelekee sahani yako ya zamani, aone thredi za ndani zilivyo, na shafti yenyewe kama inatoka, ajaribie humo humo. Mimi nimekatiwa hivyo mtaa wa Gerezani, Dar, kwa 60,000, nimekaa palepale nikiangalia, na sasa chaki inazunguka imetulia.

Yule bwana ameshabadilisha jina mara mbili, lakini picha ni ileile: chaki inayong'aa juu ya kitambaa cha bluu. Kama na wewe umemtumia hela, niandikie. Meseji zote na risiti ninazo, tukaripoti polisi pamoja.