Unaanza kukusanya sarafu? Anza na senti zenye tundu

Anayeanza kukusanya sarafu hununua chochote kinachong'aa: leo rupia, kesho sarafu ya ukumbusho, keshokutwa ya nchi ambayo hata haijui. Mwaka ukiisha ana kopo limejaa, lakini hana mkusanyiko. Dawa ni kuchagua mfululizo mmoja mfupi unaoweza kuukamilisha. Hapa nimepanga mifululizo ya Afrika Mashariki kwa kuuliza mambo matatu: unakamilika? Waghushi wana sababu ya kuuigiza? Utajifunza kitu? Faida ya kuuza baadaye sikuihesabu. Mwenye haja ya faida anunue hati fungani.

1. Senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki, hadi 1964

Hizi naziweka mbele ya zote, tena kwa mbali. Zilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa 1919 na kuendeshwa kutoka London. Zilitumika Kenya, Uganda na Tanganyika, na Zanzibar ikaingia 1936. Ni za shaba, zina tundu katikati na pembe za ndovu zinazolizunguka. Ile ya senti 10 ni pana kuliko hata shilingi ya wakati huo.

Tundu hilo lilichukua nafasi ambayo kwa kawaida ingekuwa ya kichwa cha mfalme, kwa hiyo palibaki jina lake tu. Hapo ndipo utamu ulipo. Edward VIII alitawala chini ya mwaka mmoja, akajiuzulu Desemba 1936. Uingereza kwenyewe sarafu zenye sura yake hazikuwahi kutolewa rasmi kwa matumizi ya watu. Huku kwetu senti zenye jina lake zilitoka na zikanunulia watu chumvi na viberiti. Kwa hiyo mfalme ambaye Waingereza wanamtafuta kwa fedha nyingi, wewe unaweza kumpata kwa bei ndogo, kwa sababu zilipigwa nyingi.

Orodha ya kukamilisha ni hii, kwa senti 5 na kwa senti 10: George V, Edward VIII, George VI mwenye maneno IND:IMP (kifupi cha Kilatini, kaisari wa India), George VI bila maneno hayo baada ya India kupata uhuru, Elizabeth II, na mwisho ile ya 1964 isiyo na jina la mtawala yeyote. Jumla sarafu 12. Ukizilaza mezani kwa mpangilio, unaona dola ya Mwingereza ikipungua neno kwa neno.

Ukimaliza na bado una hamu, fuata herufi ndogo za kiwanda: H ni Heaton wa Birmingham, KN ni Kings Norton, I ni Bombay, SA ni Pretoria. Ukinunua, angalia ukingo wa tundu. Makwaruzo ya mviringo yanaweza kuwa ishara kwamba fundi aliigeuza washa ya boliti.

2. Tanzania, sarafu za Mwalimu kuanzia 1966

Hizi faida yake ni kwamba huenda zipo nyumbani tayari, kwenye kabati la bibi au ndani ya cherehani ya zamani. Waombe wazee kwa adabu kabla hujatoa hela dukani. Upande mmoja ni Nyerere. Upande wa pili senti 5 ina samaki sulisuli, senti 20 mbuni, senti 50 sungura, na shilingi ina mkono ulioshika Mwenge. Ongeza senti 10 ya pundamilia iliyokuja 1977, yenye ukingo wa mawimbi.

Tatizo ni ubora. Senti 20 nyingi zimesagika mpaka mbuni hana manyoya. Subiri nzuri, zipo. Na ukiipata usiisugue kwa limau wala majivu. Ngozi ya sarafu ikishatoka hairudi, na mkusanyaji yeyote ataona mara moja. Shika kwa ukingo, hifadhi kwenye bahasha za karatasi kavu, epuka plastiki laini inayonuka.

3. Kenya, 1966 hadi leo

Rahisi kuanza, ngumu kidogo kumaliza, maana miaka ni mingi. Mimi ningechukua moja ya kila rais: Kenyatta, Moi, kisha Kibaki kwenye shilingi 40 ya mwaka 2003, iliyotolewa kuadhimisha miaka 40 ya uhuru. Halafu zile nne za 2018: twiga, kifaru, simba, ndovu. Sura za watu ziliondoka kwa sababu Katiba ya 2010, ibara ya 231, inazikataza. Matangazo ya mitandaoni yanayoahidi mamilioni kwa shilingi 40 yapuuze.

4. Heller za Mjerumani, 1904 hadi 1916

Nzuri sana, lakini ziwe hatua ya pili. Heller 100 zilifanya rupia moja. Ya kutafuta ni heller 20 ya 1916 yenye herufi T, iliyopigwa Tabora wakati wa vita, koloni likiwa limezingirwa na sarafu zimeadimika. Kazi yake ni ya haraka haraka na inaonekana. Kwa hiyo ni rahisi pia kwa mwongo kuiga. Nunua kwa anayekubali kurudishiwa.

Za kuacha kwanza

Rupia ya fedha na ile dhahabu ya Tabora ya rupia 15 yenye ndovu. Huku ndiko matapeli wa "hazina ya Mjerumani" wanakoishi. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa nazo ziache: ni mali ya kale inayolindwa na sheria, na kununua iliyochimbuliwa kisirisiri ni kujitafutia kesi.

Riale ya Maria Theresa, sarafu kubwa ya fedha yenye asili ya Austria, si haramu, ila mwaka wake usikudanganye. Karibu zote zimeandikwa 1780, hata zilizopigwa zaidi ya karne moja baadaye.

Kama rupia ya fedha imekukaa moyoni kabisa, nenda na mizani ndogo ya sonara. Halisi ina gramu 11.66, au pungufu kidogo ikiwa imechakaa. Muuzaji akikataa isipimwe, mrudishie na uage.