Pensheni kwa wazee wote au ruzuku kwa kaya maskini?
Tangu Aprili 2016, Zanzibar humlipa mkaazi aliyetimiza miaka 70 Pensheni Jamii, iliyoanza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kumuuliza ana nyumba ngapi. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa Tanzania, huchagua kwanza kaya za kulipa. Kwa gharama TASAF inashinda, kwani fedha hailengwi kwa mstaafu mwenye nyumba za kupangisha.

Kwa haki, mambo hugeuka. Kaya hutajwa katika mkutano wa kijiji, kisha hujaziwa dodoso kuhusu makazi na mali, na mjane mwenye bati aliloachiwa na marehemu anaweza kukosa huku jirani asiyemzidi dhiki akipata. Pensheni hutazama umri na ukaazi tu, ingawa kwa mzee asiye na cheti cha kuzaliwa hata hilo si dogo. Uendeshaji wake ni mwepesi.

Hata hivyo, pensheni haiigusi kaya changa isiyo na mzee, ambayo TASAF huilipa na kuihimiza ipeleke watoto shule na kliniki. Penye umaskini karibu kila nyumba, kuchuja huzua chuki bure. Penye tofauti za wazi na kumbukumbu za kuaminika, kuchagua kuna mantiki.